Pumzi Kabla ya Ubeti wa Tatu

Sauti ya dada yangu niliifuta mimi, kwa kinywa changu, mchana kweupe, nikiwa nimesimama mbele ya kibanda cha kuingiza nyimbo karibu na stendi ya Korogwe. Fundi aliniuliza mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu afute.

Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu wanapoisimulia habari hii hunionea huruma. Wengine husema memori, ile kadi ndogo iliyobeba sauti hiyo, iliharibika yenyewe. Wengine humlaumu fundi. Memori ilikuwa nzima, na fundi alifanya nilichomwagiza.

Nyumbani kwetu ni upande wa Handeni, kijiji cha wakulima wa mahindi, ambako udongo ni mwekundu na maji ni ya kufuata mbali. Baba ni Mzigua na ni Mwislamu. Mama, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa Msambaa na Mkristo. Aliteremka kutoka milimani akiwa msichana kuja kufanya kibarua kwenye mkonge, na huko mkongeni ndiko walikokutana. Kabla hatujazaliwa walikubaliana kwamba mtoto wa kwanza atafuata dini ya mama na wa pili ya baba. Tulizaliwa wawili tu, kwa hiyo hesabu ilikaa sawa. Sikukuu za pande zote mbili tulizisherehekea. Lakini baba alikuwa na mpaka wake mmoja: yeye hakuingia kanisani. Dada alibatizwa, akapata kipaimara, akaanza kuimba kwaya, na baba alijua hayo yote kwa kuambiwa.

Dada alikuwa na pumu tangu utotoni. Vumbi la kijijini lilimtesa, na nyumbani hakuwa akiimba. Alipojifunza cherehani akahamia Korogwe, alipanga chumba Old Korogwe, upande wa mtoni, akajiunga na kwaya ya huko. Nilipopata kazi ya ualimu mjini humo nilimkuta tayari ni mmoja wa waimbaji wanaopewa kipande cha peke yao. Watu waliniambia hivyo kwa mshangao, maana walimjua pia kama mtu ambaye akipanda ngazi tatu husimama.

Mwalimu wa kwaya yao alitunga wimbo unaohusu mtu aliyefika mtoni akakuta umejaa, akangoja kuvushwa. Beti mbili za kwanza zinaimbwa na kwaya nzima. Kisha kila kitu kinanyamaza, na ubeti wa tatu unaanzwa na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa dada. Siku moja ya mazoezi, ndani ya darasa la shule ya msingi lililoezekwa mabati, mvua ilianza kunyesha katikati ya wimbo na hawakuacha kuimba. Mwimbaji mmoja alikuwa akirekodi kwa simu ili akajifunze sauti yake nyumbani. Rekodi hiyo dada aliiomba, akaiweka kwenye memori, akaichomeka memori ndani ya kiredio kidogo cha kichina, akamtumia baba kwa mkono wangu.

"Mwambie asikilize akiwa peke yake," aliniambia. "Asije akasema nimemletea kanisa nyumbani."

Miezi michache baadaye alifariki. Pumu ilimbana asubuhi akiwa kwenye cherehani. Inhela ilikuwa imeisha. Jirani alimpakia kwenye bodaboda, akamweka katikati, yeye akakaa nyuma kumshikilia, wakaenda hospitali. Jirani aliniambia hakujua alifariki wakiwa wapi, kwa sababu alikuwa amembana vizuri na mwili haukulegea mpaka walipomteremsha.

Tulimzika kijijini, pembeni ya mama. Kwaya ilikuja na gari mbili. Baba alisimama upande wa wanaume wa Kiislamu, nyuma kabisa, kofia mkononi. Ule wimbo wa mto hawakuuimba.

Baada ya hapo baba alisikiliza wimbo mmoja kwa miaka mitatu. Kila siku akitoka kuswali alasiri alikaa kwenye kigoda nje ya ghala, akawasha kiredio, wimbo ukapigwa mara moja, akazima. Humo ndani hamkuwa na wimbo mwingine. Majirani walizoea mpaka wakaanza kumtania.

"Mzee, hiyo redio yako ina wimbo mmoja kama jogoo!"

"Na jogoo amewahi kukuchelewesha?"

Mwingine, mtani wake wa miaka mingi, alimchokoza zaidi: "Lakini wewe mtu wa swala tano, kwaya ya nini?"

"Waulize kwaya kama wananijua," baba akasema. "Mimi nimekaa na binti yangu. Wewe umekaa na nani?"

Nilipokuwa likizo nilimwangalia akisikiliza. Kulikuwa na mahali pamoja, baada ya beti mbili, ambapo aliinua kiredio akakiweka sikioni. Sekunde chache tu. Kisha alikishusha mapajani na kusikiliza wimbo uliobaki kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nililiona hilo mara nyingi. Mimi ni mtu wa kuuliza. Hata wanafunzi wangu wananicheka kwa hilo. Hili sikuuliza. Nilijipa jibu mwenyewe: nilidhani masikio yake yameanza kuzeeka na pale sauti inapungua.

Kutokana na jibu hilo nikapanga zawadi. Kwaya ilikuwa imekwishaurekodi wimbo uleule studio, dada akiwa hai, na mwalimu wao alinipa. Ulikuwa safi. Kinanda kilisikika, maneno yalisikika, hapakuwa na mvua wala mtu wa kukohoa. Nikaona nimwekee baba huo, pamoja na dansi la ujana wake na kaswida, ili jioni zake ziwe na kitu zaidi.

"Unaipeleka wapi?" aliniuliza nilipoiomba memori.

"Nakwenda kukuongezea nyimbo, baba."

"Mimi sijaomba nyimbo."

"Utafurahi mwenyewe."

Aliitoa kwa kucha, akaikunja ndani ya kipande cha karatasi ya kalenda, akanipa. Ndivyo ilivyofika kwenye kile kibanda.

Fundi wa pale ni mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, zamani alitengeneza redio. Aliichomeka memori kwenye kompyuta.

"Mwalimu, humu kuna faili moja tu, na memori ina virusi. Lazima niifomati, yaani niifute yote. Hii faili niihamishie pembeni kwanza?"

"Hebu tuisikie."

Akapiga sekunde kama tano. Mvua ya bati, na nyuma yake watu.

"Ah, huo ninao. Ninao ulio safi zaidi. Futa tu."

"Nifute?"

"Futa. Hizo ni kelele."

Akafuta, akajaza nyimbo tulizochagua, memori ikajaa pomoni. Nililipa nikaondoka nikiwa na furaha. Nakumbuka nilinunua na mkate.

Nilifika kijijini siku iliyofuata, muda wa alasiri. Nilimwamkia baba, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kwanza kuipokea memori kabla ya mkate. Aliichomeka. Wimbo ulianza kwa kinanda, na niliona amekunja uso kidogo. Beti mbili zikapita. Akainua kiredio sikioni. Alikishikilia pale muda mrefu kuliko kawaida, dada akiwa ameshaingia, ameshaimba mstari wa kwanza, wa pili. Baba hakukishusha. Wimbo ukaisha, likaanza dansi, akazima.

"Ule mwingine uko wapi?"

"Ndio huohuo, baba. Ila huu umesafishwa."

"Umesafishwa nini?"

"Kelele. Mvua, watu wanaokohoa."

"Na yeye?"

"Si huyo anaimba? Hiyo si sauti yake?"

"Sauti ni yake," alisema. "Mbona hapumui?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mgeni njia. Alisema katika ule mwingine, kabla dada hajaingia peke yake, alikuwa anavuta pumzi. Inasikika. Ilikuwa ndefu, inaingia yote, haikwami popote, halafu ndipo anaimba. Alisema dada alipokuwa mdogo, pumu ikimshika, mama alichemsha majani na yeye alimkalisha mtoto kifuani, mgongo kwa kifua, akisikiliza.

"Inaingia nusu, inakwama. Inaingia nusu, inapiga mluzi, inakwama. Nilikuwa namvutia mimi, kama mjinga, kana kwamba nikivuta mimi itamwingia yeye. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia ikiingia yote. Siku uliyoniletea hiki kiredio ndiyo niliisikia. Nikajua kumbe alipata, hata kama ni mara moja."

Aliniuliza kama naweza kuirudisha. Nikasema nitaangalia. Hakunigombeza. Alisema, "Basi," akaingia ndani, akakitundika kiredio kwenye msumari karibu na koti la mvua.

Wiki mbili baadaye shangazi alinipigia simu. "Baba yako hakai nje tena. Anakula kama kuku mgonjwa. Umemfanya nini?"

"Nimefuta wimbo, shangazi."

"Wimbo? Si umwimbie mwingine?"

Nikaanza kutafuta. Nilirudi kwanza kwa fundi. Alifungua kompyuta yake mbele yangu, akanionyesha hakuna kitu, na kwenye memori alikuwa ameshajaza vitu juu yake. Hakunicheka. Alisema wateja wake wengi wako hivyohivyo. Kuna mzee mmoja alimpelekea wimbo wa dansi uliorekodiwa kutoka redioni, katikati mtangazaji anasoma salamu, na fundi alipomtafutia ule kamili akaukataa. Alisema bila yule mtangazaji wimbo haufiki mwisho.

"Mimi zamani nilidhani watu wanapenda wimbo," fundi alisema. "Mtu anapenda mahali fulani ndani ya wimbo. Ukimnyooshea wimbo wote, pale mahali panapotea."

Mwalimu wa kwaya alinipokea vizuri lakini hakuona tatizo. Watu wa studio, alisema, ndio waliokata pumzi zote, na yeye alisimama palepale kuhakikisha. Pumzi ni uchafu. Alitumia miaka kuwafundisha waimbaji wavute hewa kimya, na hasa dada, kwa sababu yake ilikuwa na mluzi.

"Siku ile ya mvua ilikuwa na mluzi?" nilimuuliza.

"Yake ilikuwa na mluzi siku zote."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari langu. Sikulitafakari, na sasa naona ni kwa sababu sikutaka.

Waimbaji watatu wa Old Korogwe niliwafuata nyumbani kwao. Mmoja aliibiwa simu. Mmoja alisema aliwahi kuwa na ule wimbo wa siku ya mvua, akabadilisha simu. Wa tatu aliufanya mlio wa simu, lakini umekatwa, unaanzia kwenye kiitikio. Huyu ndiye aliyenielekeza kwa mwanamke aliyerekodi. Alikuwa ameolewa, amehamia Mazinde, anapika chakula cha wafanyakazi wa mkonge.

Nilipanda basi linalopitia Mombo nikashuka Mazinde saa nane mchana. Nilimkuta anasugua sufuria, nyuma ya kibanda chake mistari ya mkonge imenyooka mpaka milimani.

"Umechelewa, wali umeisha," alisema kabla sijamsalimu. "Kumebaki ukoko na maharage."

"Sijafuata wali, dada."

"Mtu anakuja kwa mama ntilie hajafuata wali! Basi wewe ni afisa afya. Ngoja nifunike hivi vyombo."

Nilipomwambia mimi ni mdogo wa nani aliacha sufuria, akajifuta mikono, akanikumbatia na masizi yake. Alilia kidogo, akacheka, akanipa ukoko nikala. Simu ile ya zamani alikuwa bado nayo, ndani ya kopo la vifungo, haiwaki. Hakukubali niondoke nayo. Kesho yake alikuwa anakuja Korogwe kununua mchele, akasema tutakwenda nayo wote kwa huyo fundi wangu.

Ndivyo tulivyofanya. Fundi aliweka betri nyingine, akaisubiri, ikawaka. Faili lilikuwepo. Kabla ya kulipiga alilihamisha kwenye kompyuta na kwenye memori mbili, akaniangalia juu ya miwani. "Leo sikuulizi," alisema.

Akapiga, sauti juu. Mvua. Kwaya. Beti mbili. Kimya, mvua ikabaki peke yake, na ndani ya mvua mtu akavuta pumzi, ndefu, karibu sana na simu, ikaingia mpaka mwisho. Dada akaimba.

"Hapo!" nilisema. "Hapo ndipo baba anapopataka."

Yule mama alicheka akanigonga bega. "Hapo ni mimi, mdogo wangu!"

Fundi akasimamisha.

"Simu nilikuwa nayo hapa," yule mama alisema, akionyesha kifuani kwake, chini ya fundo la khanga. "Mimi navuta pumzi kama ng'ombe aliyefika lamboni. Mwalimu alinisema mpaka akachoka."

"Lakini ubeti ule ulikuwa wa dada peke yake. Wewe ulivutia nini?"

"Si mimi tu. Sauti ya pili wote tulikuwa tunavuta naye. Hatukupanga, ilitokea tu, ikawa mazoea. Tuliogopa atakwama. Unajua mtu akibeba ndoo nzito mbele yako, na wewe mabega yanapanda? Ndivyo hivyo."

Kisha aliutazama uso wangu. "Au ni yeye," aliongeza. "Tulisimama bega kwa bega. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, anavuta vizuri. Siwezi kuapa."

Fundi alirudia mahali pale mara nyingi. Alipunguza kasi. Alisema anasikia pumzi moja. Mimi mara ya kwanza nilisikia moja, baadaye nikasikia mbili, ndefu juu na nyingine fupi chini yake, halafu nikasikia mvua tu. Mluzi sikuusikia popote. Yule mama alisema asingeweza kuusikia hata kama ungekuwepo, kwa bati lile.

Nilimpelekea baba memori Jumamosi iliyofuata. Alikaa kwenye kigoda. Zilipopita beti mbili akainua kiredio sikioni, sekunde chache, akakishusha. Wimbo ukaisha. Kisha akaomba chai, na alipopewa akaomba na kitu cha kulia. Shangazi alinitazama kutoka mlangoni akatikisa kichwa kama mtu aliyeona daktari wa ajabu.

Sasa anakaa nje tena. Majirani wamerudi na utani wao wa jogoo.

Jumamosi ile, kabla sijaondoka, baba aliniuliza nani aliyekuwa ameshika simu. Nikamwambia: mwanamke mmoja wa kwaya yao, yuko Mazinde, alisimama karibu na dada. Alitaka kujua kama ana watoto, kama mume wake ni mtu mwema. Akasema mtu kama huyo hashukuriwi kwa salamu za kupelekewa, anashukuriwa kwa mdomo, na kama miguu yake ingekuwa ile ya zamani angekwenda mwenyewe. Aliniagiza nimwalike, tumchinjie.

Niliupeleka ujumbe. Ningeweza kutumia nafasi hiyo kumwomba yule mama asiseme aliyosema kibandani. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikauliza bei ya mchele. Ni mtu anayesema kila kitu, na anampenda dada yangu. Kumwambia afiche pumzi yake mwenyewe kwa mzee anayemkaribisha ni jambo ambalo sijapata maneno yake. Kwa baba pia sijasema kitu.

Yule mama amekubali kwa furaha. Amesema atakuja wiki tutakayoanza kuvuna, alale siku mbili, na atamsimulia mzee siku ile ya mvua tangu mwanzo mpaka mwisho, nani alisimama wapi na nani alifanya nini.